Waya Hauirukii Ndege

Kuna sentensi moja ambayo sisi waandishi wa habari tumeiandika mara nyingi mpaka imekuwa kama muhuri wa ofisi: ndege hiyo iligonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kupaa. Ondoa nyaya uweke mti, au paa la nyumba, au ua wa shule, sentensi inabaki ile ile. Aya inayofuata inataja waliokufa. Inayofuata ina rambirambi za rais. Ya mwisho inasema uchunguzi umeanza. Siku ya tatu sote tumehamia habari nyingine, na wewe msomaji umehama pamoja nasi.

Wanaonijua wanajua nina ugonjwa wa kuchokonoa sentensi. Hii inanikera kwa sababu inaeleza kila kitu na haielezi chochote. Ukiisoma haraka unaona kama ndege ilikuwa mlevi anayetoka kilabuni usiku akajikwaa kwenye nguzo. Wengine huigeuza: nyaya "ziliiangusha" ndege. Jamani, waya hauirukii ndege. Waya umetulia juu ya nguzo zake mchana na usiku, masika na kiangazi. Aliyeuweka alijua pale pana kiwanja cha ndege, au hakujali. Anayepaa alijua mbele yake pana waya, au hakuna aliyemwambia. Ndege ilikuwa nyepesi ya kutosha kuuvuka, au ilikuwa imebeba watu wawili na magunia manne zaidi ya uwezo wake kwa siku hiyo. Hayo yote yalikuwapo kabla injini haijawashwa.

Tuanze na Busia, kwa sababu ndiyo ajali ya aina hii ambayo Wakenya wengi wanaikumbuka, hata sisi ambao wakati huo tulikuwa bado tunafundishwa kufunga kamba za viatu.

Ijumaa, tarehe 24 Januari 2003. Serikali ya NARC haikuwa hata na mwezi mmoja. Mwai Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002 pale Uhuru Park na nchi nzima ilikuwa bado inaelea juu ya furaha. Wikendi zilikuwa za sherehe: kila waziri mpya alikuwa na karamu ya kukaribishwa nyumbani, na mawaziri wenzake walikwenda kumpiga jeki. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Moody Awori, kule Busia. Sherehe ikaisha, wageni wakaelekea kwenye kiwanja kidogo cha Busia, wakapanda ndege aina ya Gulfstream I, ya injini mbili za panga, modeli iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960. Ndege ikapaa, ikanasa nyaya za umeme, ikaanguka. Marubani wawili walikufa. Akafa pia Waziri wa Leba, Ahmed Mohamed Khalif. Raphael Tuju, Martha Karua na Linah Jebii Kilimo, mawaziri pia, walinusurika.

Nataka tukae kidogo na huyu Khalif, maana kwenye kumbukumbu za siku hizi amebaki jina tu ndani ya orodha. Alikuwa mbunge wa Wajir Magharibi. Mwaka 1984, wanajeshi wa serikali walipowakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwafungia, bila maji wala chakula, chini ya jua la Februari, wengi wao wakauawa, Khalif alikuwa miongoni mwa waliosimama bungeni kulisema jambo hilo wakati kulisema kulikuwa na bei yake. Na unajua watu wale walifungiwa wapi? Kwenye kiwanja cha ndege. Wagalla ni kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji wa Wajir. Miaka 19 baadaye mtu aliyelisemea lile la Wagalla akafa kwenye kiwanja kingine kidogo, upande wa pili wa nchi, akiwa waziri wa wiki tatu tu. Sijui niseme nini juu ya hilo. Ninaliweka hapa ili tusimwite tu "mmoja wa waliofariki".

Haya, turudi kwenye waya. Kwa nini ndege inayopaa inashindwa kuvuka kitu cha mita kumi, ilhali dakika tano baadaye itakuwa juu ya mlima?

Jibu nililichimba kidogo kidogo kutoka kwa marubani pale Wilson, chai baada ya chai, na kutoka kwenye vijitabu wanavyosomeshwa. Sekunde chache baada ya kuacha ardhi ndizo ambazo ndege ina vitu vyote kwa uhaba: mwendo kidogo, mwinuko kidogo, uzito mwingi (mafuta yote bado yamo), na injini ziko kwenye nguvu ya mwisho, hakuna ya kuongeza. Angani kabisa ukikosea una futi elfu kadhaa za kujirekebisha. Hapa una mita kumi na tano.

Kuna ujanja mwingine wa hewa ambao unadanganya watu. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, chini ya urefu wa mabawa yake, ardhi yenyewe inaisaidia kuelea. Kwa hiyo ndege nzito inaweza kunyanyuka vizuri tu, abiria wakapiga makofi, kisha ikifika urefu wa paa la nyumba msaada ule unaisha, na ndege inagoma kupanda. Rubani anaona nguzo inakuja. Silika ya kila binadamu ni kuvuta pua ya ndege juu. Akiivuta kupita kiasi mwendo unashuka, mabawa yanaacha kubeba, na ndege inadondoka kama embe. Asipoivuta, anaingia kwenye waya. Wataalamu wanasema uamuzi wa kuokoa maisha haufanywi hapo. Ulipaswa kufanywa chini, kwa kalamu na karatasi.

Hiyo karatasi ina hesabu ya kutisha, na inafanyika kwa dakika mbili. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imekuwa ikiwapa marubani wa ndege ndogo kanuni za haraka. Kila futi 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, yaani mita 300 hivi, ongeza asilimia 10 kwenye umbali wa kupaa. Kila nyuzi 10 za joto zaidi, asilimia 10. Nyasi kavu badala ya lami, 20. Nyasi mbichi, 30. Mteremko wa kupanda wa asilimia 2, ongeza 10. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, ongeza 20. Upepo mdogo tu wa mgongoni, sawa na sehemu ya kumi ya mwendo wa kunyanyukia, ongeza 20 nyingine. Na kumbuka, hizi hazijumlishwi. Zinazidishwa moja juu ya nyingine, kama riba ya mkopo wa simu.

Twende na mfano. Chukua ndege ambayo kitabu chake kinasema inahitaji mita 500, pwani, siku ya baridi, kwenye lami, mpaka ivuke kitu cha mita 15. Ipeleke mahali penye mwinuko wa mita 1,200, ambao ndio mwinuko wa sehemu za Busia. Mita 500 zimekuwa 730. Iwe mchana, nyuzi 27, ambazo ni nyuzi 20 zaidi ya zile ambazo kitabu kinategemea kwa mwinuko huo: 885. Iwe kwenye nyasi kavu: 1,060. Sasa mheshimiwa akumbuke kwamba amepewa mbuzi wawili, na shemeji yake naye anaomba lifti, uzito upite kidogo: karibu mita 1,275. Ndege ni ile ile, rubani ni yule yule, leseni ni halali. Kiwanja kilichokuwa kirefu mara mbili ya mahitaji sasa hakitoshi, na hakuna chochote kilichoharibika. Kijitabu chenyewe kinashauri kwamba baada ya hesabu zote uongeze tena theluthi moja kwa ajili ya usalama. Hebu niambie ni karamu gani ya kisiasa unayoijua ambapo kuna mtu aliongeza theluthi.

Sasa tuje kwenye kizuizi chenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina kanuni za viwanja, ziko kwenye kile kinachoitwa Kiambatisho cha 14 cha mkataba wa Chicago. Kwa viwanja vya daraja la chini kabisa, vya ndege zinazohitaji chini ya mita 800, kunachorwa angani mteremko ambao haupaswi kutobolewa na kitu chochote. Unaanzia mita 30 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, una upana wa mita 60 pale mwanzoni, unapanuka kadiri unavyokwenda mbele, na unapanda kwa asilimia 5, yaani mita moja juu kwa kila mita 20 za mbele. Unaendelea hivyo kwa mita 1,600.

Fanya hesabu ya darasa la sita. Ukisimama mita 230 kutoka mwisho wa kiwanja, kitu chochote kinachozidi mita 10 kimeingia njiani. Nguzo ya kawaida ya stima kijijini ina karibu urefu huo. Mkaratusi, ambao magharibi mwa Kenya tunaupanda kwa sababu unakua haraka na una soko, unafika mita 20 kabla mtoto wako hajamaliza shule ya msingi. Upande wa ndege, ndege ndogo inayopaa kwa kilomita 130 kwa saa inakwenda mita 36 kila sekunde. Siku nzuri inapanda mita 2.5 kwa sekunde, sawa na asilimia 7. Inauvuka mteremko wetu bila taabu. Siku ya joto, imejaa, inapanda mita 1.5 kwa sekunde, sawa na asilimia 4 na kitu. Yaani hata kiwanja kinachofuata kanuni hakiitoshi! Na yule mkaratusi wa mita 20 inahitaji sekunde 13 na karibu mita 480 kufika urefu wake. Mita 480 mbele ya nyasi za mwisho, na huko kwetu ukienda mita 480 umeshapita shamba la mahindi, boma, kanisa na kituo cha bodaboda.

Mti mmoja unatosha. Tarehe 20 Septemba 1973 mwanamuziki Jim Croce wa Marekani, umri wa miaka 30, alimaliza onyesho chuoni katika mji wa Natchitoches, Louisiana, akapanda ndege ndogo ya kukodi usiku ule ule. Ndege ikapaa ikagonga mti mwishoni mwa kiwanja. Watu sita wakafa, wote waliokuwa ndani. Wachunguzi waligundua kwamba rubani, mwenye miaka 57, alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo, na kwamba alikuwa ametoka hotelini kwa miguu, sehemu ya njia akikimbia, kuwahi uwanjani. Unaona? Habari fupi inasema "iligonga mti". Habari ndefu ina moyo mgonjwa, ukungu, haraka, na mtu ambaye hakuwa na usafiri.

Na uzito nao una makaburi yake. Wapenzi wa nyimbo za Injili wanamjua Keith Green. Tarehe 28 Julai 1982, kule Texas, alichukua wageni kuwaonyesha eneo la huduma yake kutoka angani. Cessna 414 ile ni ndege ya watu saba au wanane. Walipanda kumi na wawili, wakiwemo watoto wake wawili wadogo. Kiwanja kilikuwa cha binafsi. Ndege haikufika mbali. Wote kumi na wawili walikufa. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwa mtu. Ni ile roho ya "tutabanana tu" ambayo sisi abiria wa matatu tunaijua tangu utotoni. Matatu iliyojaa inakwenda polepole, inafika. Ndege iliyojaa haina polepole.

Wala tusidhani wanaolipa ni abiria peke yao. Tarehe 8 Januari 1996, pale Kinshasa, Antonov iliyozidisha mzigo ilishindwa kunyanyuka kutoka uwanja wa N'Dolo ikapitiliza hadi soko la Simbazikita, mwishoni mwa njia. Zaidi ya watu 200 walikufa sokoni. Ile haikuwa ndege ndogo, lakini somo ni lile lile: kizuizi mwishoni mwa kiwanja wakati mwingine kina jina, kina meza ya nyanya na watoto nyumbani.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu, na kwa bahati nzuri ninaweza kulisimulia. Kazi ilinipeleka kaskazini, kwenye uzinduzi wa mradi wa maji. Tulikwenda kwa Cessna Caravan, injini moja, mheshimiwa mmoja na watu wake, mimi na mpiga picha. Rubani alikuwa binti wa umri wangu, mkimya. Tulitua asubuhi vizuri. Hotuba zikavuta, kama kawaida, mpaka saa nane mchana. Tuliporudi kiwanjani tulimkuta ametembea kiwanja chote kwa miguu, anahesabu hatua, anapiga udongo kwa kisigino. Upande mmoja kulikuwa na migunga. Upande wa pili kulikuwa na msururu wa nguzo mpya za stima, ambazo alisema hazikuwapo miezi mitatu kabla. Upepo ulikuwa unatoka upande wa nguzo. Joto lilikuwa linacheza juu ya murram kama maji.

Akatwambia hatapaa na sisi sote. Atachukua nusu, awapeleke kwenye kiwanja kikubwa zaidi, mwendo wa dakika ishirini, arudi kwa waliobaki, kisha tuunganike kule na kwenda Nairobi. Mheshimiwa hakupenda.

"Binti, asubuhi tulikuja wote na hakuna aliyekufa."

"Ni kweli, mheshimiwa. Asubuhi kulikuwa na baridi, na tulikuwa tunatua."

"Mimi nimeanza kupanda ndege kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na ningependa uendelee kupanda."

Msaidizi mmoja akaguna kicheko akakimeza. Kisha rubani akaomba kila mtu amtajie uzito wake, si ule wa kitambulisho bali ule wa ukweli, na mizigo akaipima kwa mkono mmoja mmoja. Magunia mawili ya mkaa, zawadi ya wenyeji, yalibaki chini. Mheshimiwa alipanda safari ya kwanza akiwa amenuna. Mimi nilibaki kwa ya pili, nikakaa chini ya mti pamoja na mzee mmoja wa pale aliyekuwa anachunga mbuzi zake kandokando ya kiwanja.

Nikamuuliza, "Mzee, hizi nguzo zilikuja lini?"

"Baada ya Ramadhani, mwanangu. Shule imepata taa. Watoto wanasoma usiku."

"Hamkuwaambia kwamba hapa hutua ndege?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama swali lina akili. "Walituuliza habari za stima tukasema tunaitaka. Habari za ndege hakuna aliyetuuliza."

Jibu hilo nimelibeba tangu siku ile, maana ndani yake hakuna mhalifu. Shule inahitaji taa. Nguzo zilifuata barabara, na barabara ilipita mwishoni mwa kiwanja. Fundi alipewa ramani isiyoonyesha kiwanja, au inayokionyesha kama malisho. Na kwa siku 350 za mwaka ni malisho kweli. Sheria ipo: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya iliundwa mwaka 2002, na Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013 inaipa meno juu ya vitu virefu vinavyosimamishwa karibu na viwanja. Lazima uombe kibali. Lakini kibali huombwa na anayejua kwamba kinahitajika, na hukaguliwa na anayefika. Kiwanja cha kijijini ambacho kinapokea ndege mara mbili kwa mwezi hakina ua, hakina mlinzi, mara nyingine hata ile soksi ya upepo imegeuka matambara. Ardhi ya mwisho wa kiwanja ni tambarare, haina mwenyewe anayeonekana, na watu wanaongezeka. Mtu atajenga. Ni nani asiyejenga?

Ndiyo maana jibu la "tuvifunge viwanja hivi" linanichekesha kwa uchungu. Anayelisema hajawahi kuumwa Mandera. Madaktari wa ndege wa AMREF walianza mwaka 1957 kwa sababu kulikuwa na watu ambao barabara haiwafikii kwa wakati, na watu hao bado wapo. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua, mahali ambapo hospitali yenye daktari wa upasuaji iko saa tisa kwa gari, anahitaji ile nyasi ya mita 900 iwe wazi pande zote mbili. Ukiniuliza, kiwanja kidogo cha kijijini ni sehemu ya zahanati. Tukikiona hivyo, tutakilinda kama tunavyolinda kisima.

Kuna ajali nyingine ambazo watu huzichanganya na hizi. Marsabit, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliwaua watu 14, wakiwemo Bonaya Godana na Mirugi Kariuki, waliokuwa wakienda kwenye mazungumzo ya amani. Ile ilikuwa inakaribia kutua, katika hali mbaya ya hewa, na kilichokuwa mbele ni kilima. Kilima hakihamishiki. Dawa yake ni nyingine. Lakini nguzo inahamishika. Waya unaweza kuzikwa ardhini kwa mita mia tano, au kuvalishwa yale mapira ya rangi ya chungwa na nyeupe ili uonekane, maana waya wenyewe ukiwa angani hauonekani. Marubani hufundishwa kutafuta nguzo. Mti unakatwa, na mwenye mti analipwa. Kati ya mambo yote yanayoua angani, haya ndiyo yanayorekebishika kwa panga, shoka na barua moja.

Sasa mimi ni mwandishi, si mhandisi, kwa hiyo ninachoweza kukidai kwanza ni kwa wenzangu wa kalamu. Uchunguzi rasmi wa ajali za ndege, kwa kanuni za kimataifa, haufanywi ili kumtafuta wa kufungwa. Unafanywa ili ajali isirudi. Sisi nasi tungeweza kuuliza kwa roho hiyo hiyo, siku ile ile ya kwanza. Kiwanja kina urefu gani, na kiko mwinuko gani? Ilikuwa saa ngapi na joto lilikuwa kiasi gani? Ndani walikuwamo wangapi, na nini kingine? Ile nguzo ilisimamishwa mwaka gani, na nani alitia sahihi? Maswali manne tu. Ukipata majibu yake hutaandika tena kwamba ndege iligonga nyaya halafu ukaweka nukta. Na ukikosa majibu, hilo lenyewe ni habari.

La pili ni kwako wewe ambaye huenda mwezi ujao ukapanda moja ya ndege hizi, kwenda Mara na ofisi, au mazishini, au kazini na shirika lako. Ukiombwa uzito wako, sema ukweli, hata kama nyuma yako yuko mtu unayempenda. Ukiambiwa begi libaki, libaki. Ukiambiwa tusubiri jua lishuke, tafuta kivuli. Na mkubwa wenu akianza kumsukuma rubani kwa sababu ana mkutano saa kumi, usikae kimya ukijifanya unasoma simu. Rubani yule mara nyingi ni kijana, ameajiriwa, na anayemfokea ndiye mteja. Anahitaji sauti moja tu nyuma yake inayosema: mwacheni afanye hesabu yake.

Mzunguko wetu wa pili siku ile tuliondoka saa kumi kasoro. Upepo ulikuwa umeongezeka, na ulikuwa wa mbele. Tulikuwa watano ndani ya ndege ya viti zaidi ya kumi. Nguzo zilipita chini yetu, mbali kabisa, nikaziona na waya wake mwembamba unaokwenda hadi kwenye paa la shule. Ilikuwa waya mzuri, wa kazi nzuri, uliowekwa mahali pabaya. Nilipofika Nairobi nilimwandikia barua mkuu wa idara moja inayohusika, nikaeleza mahali, upande, na umbali kwa hatua za rubani. Bado sijajibiwa. Nitaandika tena Jumatatu, na safari hii nitaweka nakala kwa mwalimu mkuu wa ile shule, maana yeye ndiye jirani wa karibu na waya, na ana wanafunzi mia tatu chini ya njia ya ndege.

Nawatakia wiki njema. Na kama kwenu kuna kiwanja kidogo cha ndege, nenda Jumamosi moja usimame pale mwisho wake, utazame mbele. Kisha uniambie umeona nini.